Injini ya mipigo miwili inayokula pistoni: tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) yenye injini ya mipigo miwili, silinda moja ya 250 cc yenye kipenyo cha milimita 66, inayopozwa kwa maji. Ndani ya msimu mmoja imeua pistoni tatu. Ya kwanza ilikwama asubuhi, dakika chache tu baada ya kuiwasha, na tuliikuta na michubuko minne pembeni. Fundi alipasua injini nzima, akabadilisha konrodi na beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni kupitia konrodi), akachonga silinda, akafunga pistoni mpya. Ya pili ilidumu kama saa 6 za kuendesha, ikakwama nilipoachia mafuta (kichapuzi) baada ya mwendo mrefu wa kasi. Upande wa moshi ulikuwa umechubuka wote. Tukaongeza oili kutoka 32 kwa 1 (petroli kwa oili) hadi 20 kwa 1, na jeti kuu (tundu la kabureta linalopima petroli) tukaipandisha kutoka 150 hadi 160. Ya tatu haikumaliza saa 3. Nimefungua hedi nikakuta ukingo wa pistoni umeyeyuka upande wa moshi. Silinda bado sijaitoa. Jambo jingine ni kwamba injini ikishapata moto, nikiachia mafuta inachelewa kushuka. Je, tatizo ni pistoni za bei rahisi, au kuna mahali tunakosea?

Jibu: Marahaba. Nashukuru kwamba silinda bado hujaitoa, na ombi langu la kwanza ni uiache hapo hapo ilipo. Kama injini yako inavuta hewa mahali isipopaswa, kama ninavyoshuku, basi tundu hilo bado lipo na linaweza kuonekana kwa macho. Ukilegeza nati za silinda na kung'oa gasketi, utakuwa umefuta ushahidi, na pistoni ya nne itafungwa kwa kubahatisha kama ya pili na ya tatu zilivyofungwa.

Kuhusu bei, pistoni duni zipo, nami nimezishika mkononi. Hata hivyo, pistoni duni hufa kifo chake: sketi (ukuta wa pembeni wa pistoni) hupasuka, au mfereji wa ringi hulegea mapema. Haiyeyuki ukingo kwa sababu ya uduni peke yake. Ili aluminiamu ya pistoni iyeyuke lazima ifikishwe kwenye joto lisilo la kawaida (aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na ile iliyochanganywa na silikoni kwa ajili ya pistoni huanza kuyeyuka kabla ya kufika 600), na joto hilo hutoka katika uwakaji wenyewe.

Sasa ziweke pistoni zote mbili ulizokwisha kuzitoa mezani, kwa mpangilio wa kufa kwake, upande wa moshi ukikutazama. Watu wengi hudhani injini iliyoua pistoni tatu ina ugonjwa mmoja uliorudi mara tatu. Kwa maelezo yako, mimi naona magonjwa mawili, na la pili lilizaliwa wakati wa kutibu la kwanza.

Michubuko minne ya pistoni ya kwanza, miwili kila upande wa pini, ina maana inayojulikana. Sehemu zinazoshika pini ndizo nene kuliko zote katika sketi, kwa hiyo ndizo zinazotanuka zaidi. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda kwa joto lilelile, na injini inayopozwa kwa maji ikiwashwa asubuhi, pistoni hupata moto ndani ya sekunde chache ilhali silinda imezungukwa na maji baridi. Nafasi kati ya pistoni ya kusubu (iliyomiminwa kwenye kalibu) na silinda kwa kawaida haizidi sana milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele wa watu wengi. Ukikandamiza mafuta kabla silinda haijatanuka nayo, nafasi hiyo huisha na pistoni hushika ukuta katika pembe zake nne. Hicho ni kifo cha haraka ya kuondoka, au cha silinda iliyobana mno. Kwa kuwa pistoni hiyo ilikuwa imefanya kazi kwa amani kabla ya siku hiyo, nafuta ubanaji na kubaki na haraka. Hesabu yake imeishia hapo, isipokuwa kwa jambo moja: ndiyo iliyosababisha injini ipasuliwe.

Pistoni ya pili inasema jambo jingine kabisa. Mchubuko wake uko upande wa moshi peke yake na ni mpana. Ungekuwa mstari mmoja mwembamba wa wima katikati ya upande huo, ningekuuliza kama mlango wa moshi wa silinda yako una mwimo (nguzo inayougawa mlango) katikati, kwa sababu mwimo huo hupata moto, huvimba kuelekea ndani na kuisugua pistoni. Ungekuwa upande wa kuingizia, ukiwa wa kijivu na wenye mistari midogo mingi, ningeelekea kwenye chujio la hewa na vumbi. Mchubuko mpana wa upande wa moshi ni alama ya joto lililozidi pamoja na oili iliyopungua, na katika injini ya aina hii vitu hivyo viwili husafiri pamoja, kwa sababu oili huja ndani ya petroli. Kinachopunguza petroli hupunguza oili.

Hapo ndipo swali linapogeuka kuwa: ni nini kilichobadilika kati ya pistoni ya kwanza na ya pili? Kasha la krenki lilipasuliwa likaunganishwa upya. Katika injini ya mipigo minne, kasha hilo ni bakuli la oili, na likivuja kidogo utaona tone sakafuni. Katika injini yako kasha hilo ni pampu. Pistoni ikipanda, ndani ya kasha huwa na mvuto unaoingiza mchanganyiko kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, mchanganyiko huo hubanwa na kusukumwa juu kupitia milango ya pembeni ya silinda. Sili (mpira wa duara unaoziba pale krenki inapotoka nje ya kasha) iliyoharibika au gasketi isiyokaa vizuri haitakuonyesha tone lolote la maana. Itaingiza hewa kila pistoni inapopanda, na hewa hiyo haijapitia kabureta, kwa hiyo haina petroli wala oili.

Angalia pia lini ilikwama: ulipoachia mafuta baada ya kasi ndefu. Mafundi wengi hushangaa kwa nini injini ife wakati imepumzishwa. Mafuta yakiwa wazi kabisa, kabureta hupitisha mchanganyiko mwingi, na hewa ya tundu dogo ni sehemu ndogo ya jumla. Ukiachia, slaidi (kizibo cha kabureta kinachovutwa na kebo ya mafuta) hufunga, mchanganyiko hukatika karibu wote, lakini krenki bado inazunguka kwa kasi na tundu halijapungua hata kidogo. Hewa ya wizi ghafla inakuwa sehemu kubwa ya kila kinachoingia, na pistoni iliyokuwa imeshapata moto wa mwendo mrefu inanyimwa oili wakati huohuo. Kule kuchelewa kushuka ulikokutaja mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, kwangu mimi ndiyo alama nzito kuliko zote katika barua yako. Kabla hujaniamini, hakikisha kebo ya mafuta haijakazwa mno na slaidi inaanguka yenyewe kwa mlio unaosikika unapoachia, na pia kwamba jeti ndogo haijaziba, kwa sababu makosa hayo huiga dalili hiyo vizuri sana.

Sasa niseme juu ya dawa mlizotumia. Kuongeza oili kunaonekana kama tahadhari, lakini tufanye hesabu. Katika lita moja ya mchanganyiko wa 32 kwa 1 kuna takriban mililita 970 za petroli na 30 za oili. Katika 20 kwa 1, petroli inashuka hadi takriban mililita 952. Jeti hupima majimaji yanayopita bila kujua ndani yake mna nini, kwa hiyo injini ilipata petroli pungufu kwa karibu asilimia 2, na majimaji mazito zaidi hupita polepole kwenye jeti ileile. Kiasi hicho peke yake hakiui pistoni, ila kinasukuma upande uleule wa hatari. Kupandisha jeti kuu hadi 160 kulikuwa na mantiki nzuri zaidi, lakini jeti kuu hutawala kuanzia robo tatu ya mafuta kwenda juu. Wakati mafuta yamefungwa, ambapo tundu linaumiza zaidi, jeti hiyo karibu haina kauli. Tena kujaza tundu kwa petroli hakufai hata kukiwa na nafuu ya muda, kwa kuwa tundu la sili hukua na joto na hubadilika kila siku.

Kipimo kinachokata shauri ni cha presha, na habari njema ni kwamba pistoni iliyoyeyuka ukingo haikizuii. Rudisha hedi na gasketi yake na uikaze kwa mpangilio wake. Toa ekzosi, kisha ziba mlango wa moshi kwa kipande cha mpira mnene kilichobanwa na bati kwa boliti zilezile za ekzosi. Toa kabureta, lakini uache mpira unaoishikilia, uuzibe kwa kizibo cha duara na kuukaza kwa klampu yake. Ukiziba mbele ya mpira huo, utakuwa umeuacha nje ya kipimo, na mipira hiyo hupasuka mahali ambapo jicho halifiki mpaka uikunje. Weka pistoni chini kabisa ili milango ya pembeni iwe wazi na kasha liwasiliane na silinda. Kupitia tundu la plagi, pampu taratibu kwa pampu ya mkono yenye geji ndogo hadi bar 0.4, yaani takriban psi 6. Usitumie kompresa moja kwa moja, na usizidishe bar 0.7, kwani sili zinaweza kusukumwa kutoka mahali pake, nawe utakuwa umetengeneza tundu ulilokuwa ukilitafuta.

Funga pampu na utazame saa. Injini isiyovuja hushika presha hiyo kwa dakika 5 au 6 na sindano ya geji isionekane kusogea. Ikishuka zaidi ya bar 0.07 kwa dakika, injini hiyo haistahili pistoni mpya. Chukua brashi na maji ya sabuni, ukapake kwenye mshono wa silinda na kasha, kuzunguka hedi, kwenye bati la vali za kuingizia, kwenye mpira wa kabureta, na kwenye mshono wa nusu mbili za kasha. Kisha toa gurudumu la magineto (linalozalisha umeme wa cheche) na upake kuzunguka krenki pale inapopita kwenye sili. Usipake mara moja ukaondoka. Zungusha krenki kidogo huku na huku, kwa sababu sili nyingine hushika ikiwa imetulia na huvuja ikizunguka. Nimewahi kusimama mbele ya injini ambayo geji ilishuka kila mara bila povu popote, hadi tulipoisogeza krenki kiasi cha robo ya mzunguko. Ndipo vikatokea vipovu vidogo vidogo upande wa chini wa sili, kama mate ya kaa. Ukingo wa sili ile ulikuwa na mkato usiozidi milimita 2.

Mkato wa namna hiyo hutokeaje kwenye sili mpya? Krenki ya upande wa magineto ina mfereji wa ufunguo, na kingo za mfereji huo ni kali. Fundi akisukuma sili juu yake bila kuufunika kwanza kwa utepe mwembamba na kupaka grisi, mdomo wa sili hukwaruzwa siku ileile ya kufungwa. Hilo ndilo ninalolishuku zaidi kwako, pamoja na uwezekano kwamba sili za zamani zilirudishwa kwenye beringi mpya. Muulize fundi wako kwa upole. Anayekumbuka alichofanya ni msaada mkubwa kuliko anayejitetea.

Upande wa klachi, sili imejificha nyuma ya gia na huwezi kuipaka sabuni bila kufungua kava. Badala yake, chomeka kipande cha mpira kwenye kipumulio cha giaboksi, utumbukize ncha nyingine kwenye glasi ya maji huku presha ikiwa ndani. Vipovu vikitoka, sili hiyo imekwisha. Injini yenye ugonjwa huo huwa pia inanyonya oili ya gia: moshi mzito mweupe, plagi iliyolowa, na oili ya giaboksi inayopungua bila kumwagika popote. Oili hiyo ikiingia kwenye uwakaji huifanya petroli iwe nyepesi kugonga, jambo ambalo nitalirudia. Ukiwa bado na vifaa mezani, fungua pia kifuniko cha rejeta ukiwa umejaza maji; vipovu vikipanda humo, gasketi ya hedi inapitisha. Na ukiwa na pampu inayoweza kuvuta, rudia kipimo kwa mvuto wa kiasi hichohicho, kwa sababu mdomo wa sili unaobanwa na presha ya ndani unaweza kuonekana mzima, kumbe unafunguka kwa mvuto, na kasha la krenki huishi katika hali zote mbili.

Pistoni ya tatu ina neno lake la ziada. Kuyeyuka ukingo upande wa moshi kunalingana na mchanganyiko mwepesi (wenye petroli pungufu), kwani huo ndio upande unaopitiwa na moto kila mzunguko na ndio ulio mbali na ubaridi wa mchanganyiko mpya. Lakini tazama kwa karibu, hata kwa lensi, sehemu ya ukingo ambayo haikuyeyuka, pamoja na ukingo wa hedi unaoikabili. Kama chuma kimetobolewatobolewa vidogo kana kwamba kimemwagiwa mchanga kwa nguvu, injini ilikuwa inagonga, yaani mchanganyiko uliobaki pembeni ulilipuka wenyewe badala ya kuunguzwa na mwale wa plagi. Hewa ya wizi inatosha kuleta hali hiyo, ila kwako kuna mshukiwa wa pili: gurudumu la magineto liliwahi kutolewa. Likirudishwa bila kukazwa sawasawa, ufunguo wake mdogo hukatika nusu, gurudumu huteleza nyuzi chache, na cheche huweza kuja mapema. Kwa kuwa utalitoa gurudumu hilo kwa ajili ya sabuni, shika ufunguo huo na uukague. Unapaswa kuwa na kingo zilizonyooka, bila hatua katikati. Plagi iwe ya kiwango cha joto kilichotajwa na mtengenezaji, isiwe ya moto zaidi, na petroli isiwe iliyokaa miezi kwenye dumu.

Tundu likishapatikana, sasa pasua. Lazima kasha lifunguliwe tena, sikufichi, kwa sababu aluminiamu iliyoyeyuka haikupotea. Imeingia ekzosi na kasha, na chembe chache zinatosha kuua beringi kubwa ya konrodi. Osha kila kitu, na kama konrodi inagugumia unapoizungusha kwa vidole, usiionee huruma. Badilisha sili zote mbili na gasketi zote.

Kwa silinda, usikubali neno la fundi wa kuchonga kwamba imekaa vizuri bila namba. Ipimwe kwa kipimo cha ndani katika kina cha aina tatu, mara mbili kila kina, upande wa pini na upande wa moshi, na pistoni ipimwe kwa mikromita chini karibu na mwisho wa sketi, pembe mraba na pini, kwa kuwa juu ni nyembamba makusudi. Tofauti ilingane na karatasi iliyokuja na pistoni. Pistoni ya kufua (iliyoundwa kwa kugongwa) huhitaji nafasi kubwa kuliko ya kusubu, mara nyingi karibu milimita 0.08. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, iweke sawa kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, upime mwanya wake kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi). Kwa kipenyo chako mwanya unaotarajiwa ni karibu milimita 0.26, kama karatasi haisemi vingine. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee kwenye moshi. Nalitaja kwa sababu nilipokuwa kijana niliwahi kufunga moja kinyume, ncha za ringi zikaangukia kwenye mlango wa moshi, na injini ikaishi muda usiotosha kunywa chai.

Baada ya kufunga, rudia kipimo cha presha kabla ya kuweka hata tone la petroli. Rudi kwenye 32 kwa 1, au kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini yako. Jeti kuu ya 160 iache kwa kuanzia, kwa sababu uzito kidogo wa mchanganyiko (petroli kuzidi) katika saa za kwanza hauna madhara zaidi ya moshi na plagi nyeusi. Utashuka kuelekea 150 hatua kwa hatua ukisoma plagi. Plagi isomwe baada ya kuzima injini ikiwa kwenye mzigo na klachi imekamatwa, si baada ya kurudi nyumbani polepole, maana safari ya polepole huipaka rangi ya uongo. Asubuhi, washa na usubiri hadi mkono wako uhisi joto kwenye silinda na kwenye mpira wa rejeta, ndipo uondoke kwa mafuta ya chini.

Kwenye majaribio ya kwanza usipite dakika 10. Achia mafuta ukiwa katika kasi ya kati na usikilize: injini ishuke mara moja na itulie palepale. Ikining'inia tena, zima, irudishe kwenye geji. Ikishuka vizuri, iache ipoe kabisa, toa ekzosi, na umulike sketi ya pistoni kupitia mlango wa moshi huku ukiizungusha krenki polepole kwa mkono. Unatafuta chuma chenye mng'ao hafifu uliosambaa sawa. Mistari ya wima unayoweza kuihisi kwa ukucha ni sababu ya kutowasha tena siku hiyo.